Tau Mlangoni

Kanyuambora,
3 Agosti 1997

Dada yangu Jedidah,

Salamu kutoka huku kwenye jua na vumbi. Sisi hatujambo, isipokuwa mbuzi wawili wamekufa kwa ukame, na kunde zimeliwa na wadudu kabla hatujazionja. Phyllis anakusalimu sana. Ana habari ambayo aliniomba nisiitangaze, lakini unanijua, mdomo wangu hauna komeo: mke wangu ni mjamzito. Mkunga anasema tumtarajie mtoto mwezi wa pili. Baada ya kungoja miaka yote hiyo na kuchekwa na majirani! Akiwa mvulana, jina lake unalijua bila kuambiwa. Msalimie shemeji Muthamia, na Antony na Lorna.

Sasa nisikilize. Tangu tumzike Baba mwezi wa nne, sijatulia. Wewe ulilia, ukapanguza machozi, ukarudi Ruiri kufundisha. Mimi nilibaki na swali. Baba alikufa bila ubatizo. Nilimsihi mpaka nikachoka, naye akawa ananicheka: "Njuki, mimi nyuki walishanibatiza zamani." Na mimi ni mwinjilisti, dada. Kila Jumapili nawahubiria watu juu ya moto, kisha narudi nyumbani nikijiuliza mzee wangu yuko wapi.

Basi yale masomo ya Biblia ninayoletewa kwa posta yamenipa jibu. Somo la mwezi uliopita lilihusu herufi za Kiebrania, zile zinazoandikwa juu ya mafungu ya Zaburi ya mia na kumi na tisa. Ya mwisho kabisa inaitwa Tau, na maana ya jina hilo ni alama. Siku hizi Wayahudi huiandika kama fremu ya mlango yenye mguu mmoja uliopinda. Lakini zamani za manabii ilikuwa vijiti viwili tu vilivyopishana. Na nabii Ezekieli alimwona mtu mwenye kidau cha wino akitumwa apite mjini, awatie alama kwenye paji la uso wale wanaohuzunishwa na uovu. Waharibifu waliokuja nyuma yake walikatazwa kuwagusa wenye alama. Neno lililoandikwa pale ni Tau.

Vijiti viwili vilivyopishana, dada! Si ndiyo alama ya mizinga ya nyuki ya Baba? Kila mzinga wake, kutoka hapa hadi kule mtoni, una Tau iliyochomwa kwa moto. Alikuwa akiiandika maisha yake yote bila kujua. Nililia kwa furaha mbele ya Phyllis bila aibu. Nimekishusha kile chuma chake cha kuchomea kutoka darini, na sasa ni changu.

Ndugu yako,
Stephen Njuki


Ruiri,
24 Agosti 1997

Mdogo wangu Njuki,

Nimeipokea barua yako, na kwanza nimpe Phyllis pongezi zote zinazoweza kuingia kwenye bahasha. Mwambie asibebe maji tena. Wewe una mabega. Sisi tuko salama. Lorna ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka. Antony anawaringia wenzake kwa kuwa na jina la babu yake mzaa baba, kana kwamba yeye ndiye mwenye shamba. Baridi ya huku imezidi, na Muthamia anakohoa lakini hospitali hataki kusikia.

Kuhusu herufi yako, nicheke kidogo. Mimi huiandika Tau mchana kutwa kwenye madaftari ya darasa la tano, na watoto wakiiona wanajua wamekosa hesabu. Lakini nimeelewa kilichokutoa machozi, wala sikudharau. Mimi pia nimewaza juu ya Baba.

Ila kuna jambo. Alama ya mzinga kwetu maana yake hata mtoto anaijua: kitu hiki kina mwenyewe, usikiguse. Na mwenyewe akifa, wazee hukaa, wakanywa uki, pombe ya asali, wakamkabidhi mwana chuma na alama. Wewe hukutaka pombe nyumbani kwako kwa sababu umeokoka, na mimi sikubishana nawe wakati ule wa msiba. Lakini ukweli ni kwamba hukukabidhiwa. Alama ile bado ni ya Baba.

Nilipokuwa nikienda sekondari nilimwomba anichomee alama hiyo kwenye sanduku langu, lisije likaibwa. Alikataa kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake. Akaniambia, "Hii ni ya vitu ambavyo nitakuja kuvichukua." Kirudishe chuma darini, Njuki.

Dada yako,
Jedidah


Kanyuambora,
19 Oktoba 1997

Dada Jedidah,

Mvua imekuja kwa fujo. Vumbi limesahaulika na sasa tunateleza kwenye matope. Phyllis ana nguvu, ingawa miguu imeanza kuvimba. Mbuzi waliobaki wananenepa. Nyuki nao wanakusalimu, nitakueleza.

Nimesoma onyo lako na nimelifikiria. Wewe unaongea desturi, mimi naongea Neno. Wana wa Israeli kule Misri hawakungoja uki wa wazee. Walichinja, wakapaka miimo ya milango, na kifo kikawapita. Mimi nilitaka kutumia chuma cha Baba, lakini nyumba yangu ni ya mawe na mlango ni wa mabati, moto haushiki. Basi nikachinja beberu yule mweusi na nikaiandika Tau mlangoni kwa damu, vijiti viwili, vikubwa. Phyllis alisimama uani mikono kiunoni.

"Hii damu ni ya nini kwa mlango? Mimi sitaki. Mtu mwenye mimba analala aje kwa nyumba kama hii?"

Nilimweleza habari za Ezekieli na za Misri. Aligeuka akaenda jikoni. Lakini jirani yetu Misheck, aliyekuwa amekuja kuazima jembe, alifurahi. "Niwekee pia mimi. Kwani Mungu ni wenu peke yenu?" Nikaenda nikamwekea.

Na ajabu ni hii: siku ya tatu nyuki walikuja, kundi zima, wakaingia chini ya paa langu juu ya kitanda. Hawaumi mtu. Wanavuma tu, polepole, kama mzee anayeongea peke yake chumba cha pili. Tangu walipokuja nalala vizuri.

Njuki


Ruiri,
16 Novemba 1997

Njuki ndugu yangu,

Barua yako ilikaa njiani karibu mwezi mzima; barabara imekatika mahali pawili na mvua hii wanayoiita El Niño haina dalili ya kuchoka. Sisi tuzima, Muthamia amepona. Viazi vinaozea shambani. Nayasema haya haraka ili nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilipoisoma habari ya damu nilikwenda Kiirua kumwona Mchungaji Mutwiri, yule mzee aliyestaafu. Alisoma Kiebrania ujanani na anapenda kuulizwa, kwa kuwa siku hizi hakuna anayemuuliza. Nilimwambia ni swali la shule. Alifurahi kwanza. Akanichorea Tau ya kale na ya sasa, akanisifu. Kisha nikamuuliza kuhusu damu, akaweka kalamu chini.

Njuki, walichokuletea kwa posta ni nusu ya somo. Walimu wa kale wa Kiyahudi walisema kwamba alama zilikuwa mbili, na zote ni Tau. Wenye haki waliandikiwa kwa wino, ili waharibifu wasiwaguse. Wengine waliandikiwa kwa damu, ili waharibifu wawajue. Kwa sababu katika lugha ile neno "utaishi" linaanza na Tau, na neno "utakufa" linaanza na Tau hiyohiyo. Kinachotenganisha ni kile kilichotumika kuandikia.

"Nani ameandika kwa damu?" akaniuliza. Nikasema hakuna. Alinitazama mpaka nikaaga.

Sasa fanya hivi. Futa mlango kwa maji moto na majivu, ufute na wa Misheck. Ndipo umlete Phyllis kwangu akae mpaka ajifungue. Kama huamini desturi, mwamini Mchungaji. Kama humwamini Mchungaji, nionee mimi huruma.

Jedidah


Kanyuambora,
30 Novemba 1997

Dada mpenzi,

Hatujambo sote. Phyllis hajambo. Baba anakusalimu.

Barua yako haijafika bado, posta ya Siakago wanasema mifuko ya kutoka Meru imekwama. Lakini usijisumbue na habari ya wino na damu. Mwandishi ni mkono, si wino. Mkono ukiwa wa mtu mwema, alama ni njema. Wala Mzee Mutwiri usimsumbue tena, kifua chake ni kibovu.

Misheck ametuacha Jumanne. Ni malaria, imeua wengi mvua hii. Alikwenda vizuri. Tulipoingia tulikuta nyuki wamejaa dirishani kwake kama pazia, na yeye amelala chali, uso umetulia. Watu waliogopa kuingia. Mimi nilipita katikati yao bila kuumwa hata mara moja.

Alama yangu mlangoni mvua haijaifuta. Asubuhi nyingine huwa mbichi.

Njuki


Ruiri,
14 Desemba 1997

Njuki,

Leo sina salamu ndefu. Watoto wazima, Muthamia mzima.

Unasema barua yangu hukuipata. Basi nieleze uliijibuje. Habari ya wino nilikuandikia mimi, ndani ya barua hiyohiyo iliyokwama. Habari ya Mchungaji Mutwiri sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilikaa na karatasi yako mezani mpaka chai ikapoa. Nani alikusomea?

Na ile salamu uliyoniletea sikuipokea. Sitaijibu. Usiniletee tena.

Muthamia anakuja kumchukua Phyllis mara barabara ikifunguka. Mimi nimemwambia tu kwamba huko malaria ni nyingi na hospitali ni mbali, na hayo ni kweli. Tafadhali usimzuie. Phyllis hana kosa, na mtoto wake hajaandikwa na mtu.

Jedidah


Kanyuambora,
6 Januari 1998

Dada yangu,

Heri ya mwaka mpya. Shemeji alifika salama, ametapakaa matope mpaka kiunoni, nikamwonea huruma. Nilikuwa juu ya mgunga ule mkubwa nikitazama mizinga. Nilimsikia akiita, nikamsikia na Phyllis akikusanya nguo zake ndani. Sikushuka kugombana.

Muthamia alisimama chini ya mti akaniambia, "Njuki, shuka tuongee kama wanaume. Uko na sura ya mtu hajakula. Si twende wote?" Ni mtu mzuri, huyo. Nilimwambia kazi ni nyingi. Baba alikuwa amesema tuwaache waende, kwa kuwa njia inayopeleka ndiyo inayorudisha. Phyllis alilia akipita langoni. Hakuugeukia mlango.

Dada, unanifikiria nimerukwa na akili. Labda. Lakini hujui ilivyo kumzika mtu ukiamini amepotea milele, na ni wewe uliyekuwa ukihubiri hivyo kwenye mimbari. Fungu lile la Tau katika Zaburi linamalizika kwa mtu anayesema ametangatanga kama kondoo aliyepotea, na anaomba atafutwe. Mimi nilimtafuta, naye amekuja. Yuko chumba cha pili, ananiuliza kama nimekula. Ungekuwa wewe ungemfukuza?

Naomba kitu kimoja tu. Mtoto akiwa mvulana mwiteni Nthiga, jina la Baba. Hiyo si dini wala uchawi, ni haki yake kwa mwana wa kwanza wa mwanawe. Anangoja hilo tu.

Njuki


Ruiri,
22 Februari 1998

Ndugu yangu Njuki,

Mkeo hajambo. Jana alijifungua mvulana katika hospitali ya huku, baada ya uchungu mrefu uliotutisha sote. Mtoto ana nywele nyingi na sauti ya kuuzia mbuzi sokoni. Amefanana nawe masikio. Nilimshika kabla ya mama yake, na nililia kwa sababu wewe hukuwepo. Antony na Lorna wanagombania kumpakata. Pokea hongera zetu zote, baba wa mtoto.

Tumemwita Mutugi.

Najua unavyokisoma kipande hicho. Katika ukoo wetu wala wa Phyllis hakuna mtu wa jina hilo, na tulilichagua kwa sababu hiyo. Muthamia amekasirika. Anasema tumevuka mpaka, kwamba wanawake hawampi mtoto jina nyuma ya mgongo wa baba yake, na ana haki. Lakini kwetu mtu huitwa ili arudi. Ndivyo tulivyofundishwa: mzee anaondoka kwa mlango mmoja, jina linamfungulia mwingine. Nimemfungia Baba nje ya mtoto huyu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi nilimpenda Baba, Njuki. Alinisomesha wakati wanaume wote wa kijiji walimcheka kwa kuuza asali ili binti aende shule. Ningempa jina hilo kwa furaha kama angekuwa amelala alipolazwa. Lakini kama yupo anayekuuliza kama umekula, mbona wewe unazidi kukonda?

Toka kwenye nyumba hiyo. Njoo umwone mwanao. Utalala jikoni kwangu, utakula uji na viazi, na hakuna atakayekuuliza lolote. Nakusihi kama dada aliyekubeba mgongoni.

Jedidah


Kanyuambora,
11 Machi 1998

Dada Jedidah,

Sisi hatujambo.

Nimeipokea habari ya mtoto. Nilimweleza Baba juu ya jina. Alicheka kile kicheko chake. Hana kinyongo. Anasema Phyllis ni mwana wa watu na ana ruhusa ya kuogopa. Lakini wewe ni damu yake.

Anasema desturi anaijua kuliko sisi. Mwana wa kwanza wa kwako alichukua jina la upande wa Muthamia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wa pili huchukua jina la baba wa mama. Anakupongeza. Anasema ni mvulana, atafika na mvua za Oktoba, na hakuna haja ya kuandika chochote mlangoni kwako.

Njuki


Ruiri,
27 Machi 1998

Njuki,

Phyllis na Mutugi wako salama.

Barua yako ni ya tarehe kumi na moja. Mimi mwenyewe nilijua kwamba nina mimba tarehe kumi na sita, nilipopimwa Kiirua. Nilikwenda peke yangu, nikawaambia nyumbani kwamba nafuata chaki za shule. Muthamia hajui mpaka sasa. Tulikuwa tumekata tamaa ya kupata mwingine, na ningekuwa mtu wa furaha leo.

Tangu uanze kuniletea salamu zake sijamrudishia hata moja. Leo namtumia neno hili, umpelekee huko chumba cha pili: nimekataa. Akiwa mvulana, nitamwita jina nitakalolisikia kwanza barabarani, na shemeji yako na ukoo wake wote wanifukuze wakitaka.

Nakupenda, ndugu yangu. Nitakulilia kama nilivyomlilia yeye. Usinijibu.

Jedidah